Siku saba na kigae mfukoni: Kaole, Kunduchi mpaka Kilwa

Siku ya 1, Jumamosi. Kaole

Naanza safari hii nina kitu mfukoni ambacho si changu. Ni kigae cha kauri, kijani kilichopauka kama maji ya bahari pale kina kinapoanza, ukubwa wake kiganja cha mtoto, kina michoro kama majani ya ua, na pale kilipovunjika unaona udongo wa kijivu umeshikana kama jiwe. Nimekifunga kwenye leso. Nilikiokota mwezi wa tatu kwenye mtaro wa maji ya mvua, mradi wa halmashauri moja ya pwani ambayo sitaitaja, mi ndo nilikuwa msimamizi wa saiti upande wa mkandarasi.

Ilikuwa hivi. Mtaro wa mita 420, kina mita moja na nusu, unashuka toka barabara ya sokoni mpaka kwenye mikoko. Siku mbili za kwanza udongo mwekundu wa kawaida tu, siku ya tatu kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikashusha ndoo ikapanda na udongo mweusi, laini, una majivu na makaa na makombe ya chaza na mifupa ya samaki na magae, magae mengi mpaka yanalia chini ya viatu. Mama mmoja kibarua aliyekuwa anachonga kingo kwa jembe akaacha kazi akaniita, "Baba, hapa palikaa watu, mbona tunawapitia?" Nikasimama nikaangalia. Masika inakuja, mhandisi anasubiri vipimo vya mwisho wa mwezi ili cheti cha malipo kitoke, kila siku ya kuchelewa ina faini yake, basi nikasema endeleeni. Dakika kumi, labda kumi na tano, udongo mweusi ukaisha tukaingia kwenye mchanga. Kile cha kijani kiling'aa kwenye kifusi nikakiweka mfukoni kwa sababu kilikuwa kizuri. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeandika, mtaro ukapigwa zege ukazinduliwa kwa kukata utepe.

Maneno ya yule mama hayajanitoka. Ndo maana likizo ya mwaka huu sikwenda kwetu, nimesema nipite magofu ya pwani nielewe nilipitia nini siku ile, halafu kigae nikikabidhi kunakostahili.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini ya Bagamoyo mjini, boda inakufikisha. Kuna msikiti wa karne ya 13, kuta zake za matumbawe zimebaki nusu nusu, kibla bado unakiona vizuri, na makaburi yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, sa hivi unaona mashimo tu pale mabakuli yalipokaa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa 1958. Bahari imeshasogea mbali, palipokuwa bandari pamejaa tope na mikoko.

Mzee anayetembeza wageni nilimpa shikamoo, tukazunguka naye, mwisho nikafungua leso. Hakushangaa rangi. Aliuliza, umekitoa wapi, nikasema mtaroni. Akauliza mtaro gani, kina gani, kilikuwa na vitu gani pembeni yake. Sikuwa na jibu hata moja aisee. Nikamwambia hapakuwa na ukuta wowote pale mzee, ni udongo mweusi tu. Akanivuta mpaka nje ya uzio wa magofu, kwenye minazi, akachota udongo kwa mkono akanionyesha.

"Mwanangu, nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Watu wengi walikaa nyumba za miti na udongo na makuti, zikioza zinabaki hivi, weusi. Huo udongo mweusi ndo mji wenyewe."

Miaka 14 niko saiti. Nimefundishwa udongo wa mfinyanzi unavyovimba, mchanga unavyobomoka, moramu nzuri na mbaya, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba udongo mweusi wenye majivu na makombe ni mji. Kwenye vitabu vyetu ule unaitwa udongo usiofaa, unaondolewa unatupwa.

Siku ya 2, Jumapili. Kunduchi na mjini Dar

Asubuhi Kunduchi. Hapa mji umeshafika mlangoni kabisa, mahoteli ya ufukweni upande huu, nyumba upande huu, katikati mibuyu na makaburi ya nguzo na mabaki ya msikiti. Nimekaa chini ya mbuyu nikawa nahesabu kwa macho ya kazi yangu: barabara ya mtaa itapanuliwa, bomba la maji litapita, nguzo za umeme, mtaro, choo cha soko. Kila kimoja ni mradi mdogo, una karatasi zake, mkandarasi wake, na kila kimoja kinachimba. Bandari au reli watu wote wanaiangalia, inafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2004, wataalamu wanakuja na magari. Mtaro wa mita 420 nani anauangalia? Mi naona urithi wetu mwingi wa pwani unaondoka kwa njia hii, ndoo moja moja, kwenye kazi zisizo na jina.

Mchana nikashuka mjini kuona Boma la Kale, lile jengo la Seyyid Majid, sultani wa Zanzibar, la 1866 na 1867 linaloangalia bandari. Kuna wakati lilipangwa kubomolewa, likaokolewa, na tangu 2017 ni kituo cha urithi wa majengo ya Dar. Kuta nene za matumbawe na chokaa, milango ya kuchongwa. Nimegusa mlango mmoja, ubao umelainika pale mikono ya watu imepita miaka yote hiyo.

Hapo nikakumbuka sheria, maana nilishaisoma usiku mmoja nikiwa sina usingizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, na ukikuta kitu unatakiwa utoe taarifa. Yani kigae changu kinalindwa sawasawa na mlango huu. Tofauti ni kwamba mlango unaonekana, ukija na nyundo watu watapiga kelele. Kilichoko chini ya ardhi hakina wa kukipigia kelele isipokuwa yule aliyeshika jembe na yule aliyekaa kwenye kijiko, na hao wawili hakuna anayewaambia kitu asubuhi kabla kazi haijaanza.

Siku ya 3, Jumatatu. Barabarani

Basi la saa kumi na mbili asubuhi toka Mbagala. Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Muhoro. Nimekaa dirishani nina mkataba wa ule mradi kwenye simu, nikaamua niusome wote, maana ukweli ni kwamba sisi wa saiti tunasoma michoro na BOQ, yani orodha ya kazi na bei zake, masharti ya jumla tunawaachia watu wa ofisini.

Nimekikuta. Mistari miwili tu, kifungu cha vitu vinavyogunduliwa: chochote chenye thamani ya kihistoria kikikutwa saiti bila kutarajiwa ni mali ya mwajiri, mkandarasi amjulishe msimamizi wa mradi kisha afuate maelekezo. Kilikuwepo muda wote. Kwa miradi mikubwa inayotumia kile kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ndo imekaa vizuri zaidi, kifungu 4.24, mkandarasi akikuta sarafu au mabaki ya kale anatoa taarifa, na kama maelekezo yatamchelewesha ana haki ya kuongezewa muda na kulipwa gharama. Muda na gharama. Mi siku ile nilisema endeleeni kwa kuogopa faini, na kumbe watu waliotunga mikataba walishalifikiria jambo hili zamani wakaweka mlango, ila hakuna aliyetuonyesha ulipo.

Halafu angalia BOQ zetu pale mwanzoni. Kuna hela ya kibao cha mradi, hela ya ofisi ya saiti, bima, kuna hela ya kuwaelimisha vibarua kuhusu ukimwi, kitu kizuri kabisa na tumekizoea, anakuja dada wa afya anaongea nusu saa watu wanamsikiliza. Kwa nini kusiwe na mstari mmoja chini yake wa mtu wa mambo ya kale, aje siku ya kwanza awaonyeshe vibarua na opareta magae yakoje na udongo wa mji ukoje, na akiba ndogo ya kusimama siku mbili kama kitu kikitokea? Kwa mradi wa mamia ya milioni hiyo ni hela ya mafuta ya kijiko wiki moja.

Somanga tumesimama, samaki wa kukaanga wanauzwa madirishani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara maeneo haya, magari yakakaa. Madaraja yakivunjika yanajengwa tena, nimeshajenga mangapi. Nangurukuru tukakata kushoto, Kilwa Masoko tumeingia mchana, jua kali.

Siku ya 4, Jumanne. Kilwa Kisiwani

Kibali unachukua Masoko, halafu mashua. Kitu cha kwanza kukiona ukikaribia ni Gereza, ngome iliyokaa ukingoni kabisa, Wareno walijenga pale 1505 na Waomani wakajenga tena baadaye, na upande wa bahari maji yameshakula. Nahodha anasema tangu mtoto anaiona bahari inasogea.

Msikiti Mkuu jamani. Nimeingia nimenyamaza. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, halafu ikaongezwa hii kubwa yenye kuba na matao, safu kwa safu za nguzo, unasimama mwisho unaona nguzo zinakimbia mbele yako. Mi ni mtu wa ujenzi nikaanza kuangalia viungo. Matumbawe yanachongwa yakiwa bado mabichi toka baharini, yanakuwa laini kama sabuni, yakikauka yanakuwa magumu. Chokaa ni ya kuchoma matumbawe hayo hayo. Kuna tao moja nimeligusa pale mawe yanapokutana, unga wa chokaa umebaki kwenye kidole, na kwenye plasta kuna alama za vidole vya fundi, nne, zimeburuzwa kidogo kushoto kama alikuwa anamalizia kazi ana haraka. Nimeweka vyangu juu yake bila kugusa.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kasri ya huyu sultani ni Husuni Kubwa, juu ya mwamba upande wa mashariki, vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane linaloangalia bahari. Inasemekana haikumalizika. UNESCO iliweka Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye urithi wa dunia 1981, 2004 ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatoka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati ambayo mafundi wa hapa hapa walishika miiko.

Lakini kilichonikamata zaidi hakiko kwenye magofu, kiko kijijini. Maana kisiwa hiki kina watu, wana watoto, wana mashamba, wanahitaji shule na zahanati na maji na vyoo kama watu wote, na mji wa kale uko chini ya hicho kijiji. Tumepita nyumba moja wanachimba shimo la choo, kifusi kimerundikwa pembeni, nikainama: makombe, makaa, magae, na ushanga mmoja mdogo mwekundu kama tone la damu. Sikuugusa. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, akaniambia kwa upole kabisa, "Hapa kaka ukichimba popote unakuta mji, sasa sisi tukae bila vyoo?"

Hana kosa. Na mtu akija kumwambia asichimbe kabisa hatasikilizwa, na mi nisingemlaumu. Usiku huu nimekaa nachora kwenye daftari namna ambavyo ningefanya kama hii ingekuwa saiti yangu. Jengo dogo kama darasa si lazima uchimbe msingi wa kwenda chini mita nzima, unaweza kutandika kitambaa cha ujenzi juu ya udongo wa kale, ukaweka tabaka la mchanga, ukashindilia moramu, ukamwaga jamvi la zege juu yake, mji ukabaki umelala chini salama. Choo kinaweza kuinuliwa, kikajengwa juu na ngazi. Bomba linaweza kufuata njia iliyokwisha kuchimbwa zamani. Na mtaro, huu mtaro wangu, kuuhamisha mita 3 upande wa barabara ilikuwa kazi ya jioni moja kwenye mchoro. Tatizo ni kwamba hiyo jioni inatakiwa iwe kabla ya tenda kutangazwa. Mkandarasi akishasaini na kijiko kimeshashushwa, kila saa kinakodishwa kwa hela, kila mtu pale anataka kiendelee kula udongo, mimi wa kwanza. Kwa hiyo wa kuangalia ardhi aje mapema, aende na yule mpima wa halmashauri siku anapopigilia vigingi, watembee wote wawili, waangalie chini.

Siku ya 5, Jumatano. Masoko, upepo

Nilikuwa niende Songo Mnara ila kusi imekaza, nahodha amekataa, na nahodha akikataa huulizi mara mbili. Nimeshinda kibarazani kwa gesti na dada mmoja mtafiti wa akiolojia, kasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, tumekunywa chai ya tangawizi mpaka mchana. Nikamfungulia leso.

Kakigeuza, kakigonga kidogo kwa kucha, kasema hii ni kauri ya kijani ya China, inafanana na za Longquan, hayo majani ni ya yungiyungi, karne ya 13 au ya 14 hivi. Nikafurahi kidogo. Akauliza, magae mengine yalikuwaje. Nikasema ya kawaida tu dada, vyungu vya kupikia, mengi mno, mengine yana pembetatu pembetatu zimechorwa shingoni na kujazwa mistari. Akaweka kikombe chini.

"Pembetatu? Una uhakika kaka?"

Nikamchorea. Akakaa kimya kidogo kisha akanieleza pole pole. Vyungu vya pembetatu ni vya karne ya 6 mpaka ya 10 hivi, vimekutwa pwani yote toka Kenya mpaka Msumbiji na bara pia, na ni kati ya vitu vilivyowasaidia wataalamu kama Profesa Felix Chami kuonyesha kwamba miji hii ilianza na watu wa hapa hapa, wakulima na wavuvi na wafua chuma, kabla ya misikiti mikubwa na kabla ya kauri za China. Kwa hiyo kama mtaro mmoja ulikuwa na pembetatu na kauri ya kijani, basi pale watu waliishi karne nyingi mfululizo. Au waliondoka wakarudi. Au udongo ulihamishwa. Tabaka la udongo, kipi kiko juu na kipi chini, ndo lingesema, na tabaka tumelichanganya na kijiko.

Mi nilichukua cha kigeni kinachong'aa nikaviacha vya bibi zetu kwenye kifusi. Hilo limeniuma kuliko vyote.

Akanipa mfano wa sarafu. Sarafu ya shaba ya huyu huyu al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na kwa kuwa inajulikana imetoka mji gani, inakuwa ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyoshuka mpaka Sofala na kupanda mpaka Kilwa. Halafu kuna sarafu tano za Kilwa ambazo askari mmoja aliziokota ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, 1944. Sarafu za Kilwa Australia! Lakini ziliokotwa mchangani tu, hazikuwa kwenye tabaka lolote, mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. "Kitu ni kile kile kaka, kilichopotea ni mahali."

Nikamuuliza kwa kweli kabisa, ningekupigia simu siku ile ungehitaji miezi? Akasema kwa mtaro kama ule, siku mbili. Ukuta wa mtaro ukiusafisha kwa mwiko, ule ule wa fundi uashi, tabaka zinajitokeza kama mistari ya kanga. Unapiga picha, unachora kwa kipimo, unachukua makaa kwenye kila tabaka kwa ajili ya kupima umri, ndoo kadhaa unazipitisha kwenye chekecheke, basi, mtaro unaendelea. Kingekutwa kitu kikubwa zaidi, kaburi au ukuta, hapo tungekaa na mhandisi tuone kama njia inaweza kupindishwa. Akataja na Mombasa, kwamba 1976 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba kwenye eneo la hospitali kuu ya mkoa wa Pwani na pakatoka mabaki ya Mombasa ya zamani, ya kabla Mreno hajafika. Hospitali ipo inatibu watu, na habari za mji zipo.

Siku mbili. Tulipoteza siku tatu mwezi ule ule kusubiri nondo.

Siku ya 6, Alhamisi. Kukabidhi

Asubuhi yule dada kanisindikiza kwa watu wa mambo ya kale. Nilikuwa na hofu, nimekaa na kitu miezi yote hii, lakini nilipokelewa kama mtu. Kijana mmoja akatandika karatasi mezani, akakiweka kigae juu yake pembeni ya rula, akapiga picha, akakipima, akatoa fomu.

Kimepatikana wapi. Kina gani. Pamoja na nini. Nani alikuwepo.

Nikashika kalamu nikakwama. Nakumbuka ni siku ya tatu, lakini ilikuwa kabla ya kalavati la pili au baada? Mita 180 au 220? Mi naweza kukutajia saruji mifuko mingapi iliingia kwenye kalavati lile, hilo sikumbuki. Nikampigia opareta wa kijiko, kijana mtulivu ambaye huwa haongei sana.

"Ni pale kwenye kisiki cha mwembe mkubwa, baada ya kalavati la pili. Mi nilisimamisha mashine, si ndo ukasema tuendelee."

Sikujua kama alisimamisha. Kumbe na yeye aliona. Nikamwambia ni kweli, nilisema mimi, na nimekosea. Nikaandika kwenye fomu: baada ya kalavati la pili, karibu na kisiki cha mwembe, kina kati ya sentimita 60 na mita moja, pamoja na makaa, makombe, mifupa ya samaki, magae yenye pembetatu. Nikasaini. Kijana akakiingiza kigae kwenye mfuko mdogo, akaandika namba, akafunga. Mfuko wangu wa suruali mwepesi. Leso nimebaki nayo, ina vumbi la kijivu kwenye mikunjo.

Kabla sijatoka akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, "Kifusi chake mlikipeleka wapi?"

Siku ya 7, Ijumaa. Mtaroni

Nimesafiri usiku, sijapitia nyumbani. Kisiki kipo. Mtaro umekaa vizuri, maji yanapita, watu wa chini kule hawafuriki tena, na hilo ni jema nalisema wazi, mtaro ulihitajika. Nimepima kwa tepu toka kalavati la pili mpaka usawa wa kisiki, mita 23, nikapiga picha, nikaweka alama kwenye ramani ya simu.

Kifusi tulikipeleka kusawazisha uwanja wa mpira wa shule ya msingi, lori kumi na moja. Nimemkuta yule mama anaishi nyuma ya shule, nikampa shikamoo ingawa hatujapishana sana umri, nikamweleza nilikotoka na nilichoambiwa. Hakunilaumu. Alifunga kanga kiunoni akatangulia uwanjani, akawa anatembea taratibu ameinamisha kichwa, ananionyesha kwa kidole cha mguu bila kuokota, kwa sababu nilimwambia tusiokote, tupige picha tu na kuweka rula pembeni. Hapa baba. Na hapa. Mvua imeosha juu, magae yametokeza yote. Ya pembetatu tumekuta tisa kabla ya saa tano, kuna moja kubwa, shingo nzima ya chungu, na mistari imekwaruzwa kwa kitu chembamba, mmoja umeteleza ukatoka nje ya pembetatu na aliyeuchora hakuurudia. Watoto wa mapumziko wakajaa, wakaanza kutafuta nao, mwalimu mkuu ikabidi awapange mstari.

Nimetuma picha zote Kilwa. Yule kijana kajibu ndani ya nusu saa, wanaweza kuja wiki ijayo Alhamisi, wanaomba uwanja usiguswe mpaka hapo. Mwalimu mkuu akasema shida ni moja, Jumatatu greda la halmashauri linakuja kumwaga moramu mpya.

Nimekwenda kwa mhandisi hivi hivi na vumbi la safari. Nimemwekea mkataba mezani, kile kifungu cha mistari miwili nimekipigia mstari, na picha ya shingo ya chungu. Akasoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Unataka siku ngapi?"

Nikasema toka Jumatatu mpaka Alhamisi wakifika, halafu mbili za kazi yao. Akavuta simu akampigia mtu wa greda.